Programu za Ulinzi wa Simu: Tusimlaumu Aliyeibiwa Kabla ya Kumuuliza Aliyetengeneza

Kila mtu anapoibiwa fedha kwa njia ya simu, neno la kwanza analoambiwa ni lile lile: kwa nini hukuwa makini? Mtoto anamwambia hivyo mama yake, wakala anamwambia mteja, na mara nyingine hata kwenye darsa zetu nasaha huishia hapo hapo. Kisha hufuata ushauri: pakua programu ya ulinzi, weka namba ya siri ngumu, soma kila kitu kabla ya kubonyeza.

Ushauri huo si mbaya. Lakini umejengwa juu ya dhana ambayo wengi wetu hatujawahi kuihoji, nayo ni kwamba vyombo vya ulinzi viko sawa na kasoro yote iko kwa mtumiaji. Dhana hiyo imepimwa. Kwa zaidi ya miaka 25 wapo watafiti ambao kazi yao ni kuwaangalia watu wa kawaida wakitumia programu za usalama na kuandika kinachotokea. Matokeo yao yanaelekea upande mmoja: mara nyingi mtumiaji hushindwa kwa sababu chombo kilitengenezwa bila kumfikiria yeye.

Tumeona tulilete suala hili kwa wasomaji wetu kwa sababu mbili. Kwanza, simu leo ndiyo mfuko wa fedha na daftari la madeni, na ndani yake zimo picha za watoto na siri za nyumba. Pili, baadhi ya visa vilivyojulikana sana duniani vya taarifa za watu kutumika wasivyotarajia vilihusu programu za nyakati za Swala, ambazo ziko kwenye simu za mamilioni ya Waislamu.

Utafiti wa namna gani?

Tukisikia utafiti wa usalama wa simu, wengi tunafikiria wahandisi wanaowinda virusi. Huu tunaouzungumzia ni wa aina nyingine, nao huitwa utafiti wa uzoefu wa watumiaji. Mtafiti humkalisha mtu wa kawaida mbele ya simu au kompyuta, humpa kazi ya kweli, kwa mfano kuhakikisha kwamba hakuna mwingine anayeweza kusoma ujumbe wake, kisha hukaa kimya na kumtazama. Hamsaidii wala hamsahihishi. Humwomba tu aseme kwa sauti anachokiwaza: hapa naona neno hili, nadhani maana yake ni hii, sasa nabonyeza hapa.

Mwisho mtafiti huhesabu waliofaulu na walioshindwa. Muhimu kuliko wote huhesabu kundi la tatu: waliodhani wamefaulu kumbe wameshindwa. Hao ndio walio hatarini zaidi. Mtu anayejua kwamba mlango wake haufungi ataweka kiti nyuma yake au hataacha fedha ndani. Anayedhani umefungwa atalala usingizi.

Kazi iliyofungua njia ilichapishwa mwaka 1999 na watafiti wawili wa Marekani, Alma Whitten na J. D. Tygar. Walichukua PGP toleo la 5.0, programu iliyokuwa ikifunga barua pepe kwa siri ili asiweze kuisoma ila yule aliyeandikiwa. Wakati huo ilisifiwa kwamba muonekano wake ni mzuri. Wakawapa watu 12 dakika 90 kila mmoja wajaribu kutuma barua iliyofungwa. Ni theluthi tu waliofanikiwa. Watatu kati ya wale 12 waliituma siri yenyewe ikiwa wazi kabisa, bila kukusudia. Hesabu za kufunga ujumbe ndani ya programu ile zilikuwa imara. Kilichokosekana ni kueleweka.

Mwaka huo huo, jijini London, Anne Adams na Angela Sasse walichapisha makala ambayo hoja yake ilikuwa kwenye kichwa chake: watumiaji si maadui. Walichunguza kwa nini wafanyakazi maofisini huandika nywila kwenye karatasi au kuchagua nywila rahisi. Hawakukuta uzembe. Walikuta watu waliotakiwa kukumbuka nywila nyingi, zenye kubadilishwa mara kwa mara, bila yeyote kuwaeleza sababu. Wakubwa wa usalama waliwaona wafanyakazi kuwa ndio tatizo, na wafanyakazi nao wakaona sheria za usalama ni usumbufu unaowazuia kufanya kazi.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani. Basi tutazame mwaka 2016. Watafiti wa Austria waliwaangalia watu 28 wakitumia Signal, programu ya kutumiana ujumbe inayoheshimika sana kwa usalama. Waliwapa kazi ya kuhakikisha kwamba wanayezungumza naye ndiye kweli, na si mtu aliyejipenyeza katikati. Watu 21 kati ya 28 hawakuweza. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu jaribio la PGP, simu zimechukua nafasi ya kompyuta, na tatizo bado ni lile lile.

Hodi isiyosikika

Kwetu sote, mgeni akifika mlangoni hupiga hodi. Hungoja, hujitambulisha, na mwenye nyumba humjua ni nani na amefuata nini ndipo amkaribishe. Asipokaribishwa hurudi. Adabu hii ya kuomba idhini tunawafundisha watoto madrasa tangu wadogo, na Sura an-Nur inayo mafundisho yake.

Programu ya simu nayo hupiga hodi. Inaomba kufungua kamera, kusoma majina ya watu uliowahifadhi, kujua uko wapi, kusoma meseji zako. Tukibonyeza neno "Ruhusu" tumeikaribisha. Swali ni je, mwenye nyumba amesikia hodi hiyo na ameelewa anayekaribishwa ni nani?

Mwaka 2012 Adrienne Porter Felt na wenzake huko Marekani walilipima jambo hili kwa watumiaji wa simu za Android. Wakati huo orodha ya idhini ilikuwa ikionyeshwa mara moja tu, pale mtu anapopakua programu, na ilikuwa ama ukubali yote au uiache programu. Watafiti walikuta kwamba asilimia 17 tu ya washiriki ndio walioiangalia orodha hiyo wakati wa kupakua. Katika sehemu iliyofanywa kwa maswali ya mtandaoni, ni asilimia 3 tu walioweza kujibu sawa maswali yote matatu kuhusu maana ya idhini hizo.

Tutafakari namba hizo. Ikiwa watu 97 kati ya 100 hawakuielewa sawasawa idhini waliyotakiwa kuitoa, tunaweza kusema kweli wameridhia? Katika mas-ala ya mauziano tunajua kwamba ridhaa ni ya mtu anayejua anachokitoa na anachokipokea. Makubaliano ambayo upande mmoja haujui unatoa nini yana kasoro, hata kama kidole kimegusa kitufe. Hatusemi kwamba kila programu inayotumia mtindo huu ina hukumu moja, kwani hayo yanahitaji kuangaliwa moja moja na wenye elimu. Tunachosema ni kwamba wenye makampuni wasijifiche nyuma ya neno "alikubali" wakati tafiti zinaonyesha hakuelewa.

Baada ya tafiti za namna hii mambo yalibadilika kiasi. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, programu huomba idhini nyeti pale inapoihitaji, na mtu anaweza kukataa moja na kukubali nyingine. Hilo ni jema. Hata hivyo limeleta ugonjwa mwingine: maombi yamekuwa mengi. Anayeulizwa mara kumi kwa siku hujifunza kubonyeza bila kutazama, na tahadhari ya kweli ikija anaipitisha pamoja na zile zisizo na maana.

Alama ya tiki na ulinzi usiokuwepo

Tuje kwenye programu zinazojiita za ulinzi zenyewe. Hapa mtumiaji ana udhaifu mmoja mkubwa ambao si kosa lake: hana namna ya kuona kama ulinzi unafanya kazi. Ukinunua kufuli unalivuta ukaona limeshika. Programu ya kuzuia virusi huwezi kuivuta. Unachokiona ni picha ya ngao na neno linalosema simu yako iko salama.

Mwezi wa Aprili 2014 ilionekana jinsi udhaifu huu unavyoweza kutumiwa. Programu iitwayo Virus Shield iliuzwa kwenye duka la Google Play kwa dola 3.99. Ilipakuliwa zaidi ya mara 10,000, ikapanda hadi kileleni mwa programu mpya za kulipia, na wanunuzi waliipa alama za juu. Waandishi wa tovuti ya Android Police walipoifungua ndani wakakuta haifanyi lolote. Ukiigusa, alama ya kosa kwenye ngao ilibadilika kuwa tiki. Basi. Google iliiondoa na kuwarudishia watu fedha zao. Lakini tujiulize: wale walioisifu walisifu nini? Walisifu utulivu wa moyo waliouziwa. Kwa lugha ya sokoni kwetu huo ni ghishi, sawa na maziwa yaliyotiwa maji.

Mtu asidhani hicho kilikuwa kisa kimoja. Mwaka 2019 taasisi ya AV-Comparatives ya Austria ilizijaribu programu 250 za kuzuia virusi kwenye Android, kila moja ikakabiliwa na programu hasidi 2,000. Ni 80 tu zilizoweza kugundua zaidi ya asilimia 30 bila kutoa tahadhari za uongo. Nyingine zilikuwa hazichunguzi chochote. Zilibeba orodha ya majina ya programu zinazokubalika, na kila isiyokuwemo zikaiita hatari. Zipo ambazo mtengenezaji alisahau kuandika jina la programu yake mwenyewe kwenye orodha hiyo, zikawa zinajishuku zenyewe.

Baya zaidi ni pale mlinzi anapokuwa ndiye mwizi. Aprili 2022 kampuni ya usalama ya Check Point ilieleza kwamba imekuta programu sita kwenye Google Play zilizojifanya za kuzuia virusi, huku zikibeba SharkBot, programu inayoiba taarifa za kuingilia benki. Zilikuwa zimepakuliwa zaidi ya mara 15,000, na wengi wa walioathirika walikuwa Italia na Uingereza. Watu hao hawakuwa wazembe. Walifanya kile kile walichoshauriwa: walikwenda kwenye duka rasmi na wakatafuta ulinzi.

Simu moja, watumiaji wengi

Programu nyingi za usalama zimejengwa kwa kumfikiria mtu mmoja mwenye simu yake, nywila yake na chumba chake. Wasomaji wetu wanajua kwamba maisha hayako hivyo. Simu ya baba huchezewa na watoto jioni. Simu ya mama hutumiwa na shangazi aliyekuja kutoka shamba. Kijana ndiye anayemfungulia bibi simu na kumsomea meseji, na mara nyingi ndiye anayeijua namba yake ya siri ya fedha.

Mwaka 2018 Nithya Sambasivan na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa India, Pakistan na Bangladesh ukiwa na washiriki 199. Waliwauliza wanawake jinsi wanavyolinda mambo yao kwenye simu ambazo familia nzima huzitumia. Wengi walikuwa na mbinu zao: kufunga programu moja moja kwa namba ya siri, kuficha picha, kufuta meseji fulani na kuacha nyingine ili isionekane kwamba kuna kilichofutwa. Kwao tishio la kila siku halikuwa mdukuzi wa mbali. Lilikuwa ni jamaa au jirani anayeomba simu kidogo, na kumkatalia kungeonekana ni ukosefu wa adabu au dalili ya kuficha jambo.

Hali hiyo tunaitambua. Inatufundisha kwamba ulinzi mzuri ni ule unaomsaidia mtu kutunza sitara yake bila kumgombanisha na watu wake. Na hapa lazima tuseme wazi jambo linalouzwa kwa jina la ulinzi ilhali ni kinyume chake. Zipo programu zinazowekwa kwa siri kwenye simu ya mke, mume au mfanyakazi ili kusoma ujumbe wake na kufuata nyendo zake. Sura al-Hujurat imekataza kupelelezana, na jina zuri la programu halibadilishi kitendo. Hata serikali zimeanza kuziona kwa jicho hilo: Septemba 2021 Tume ya Biashara ya Marekani iliipiga marufuku SpyFone kufanya biashara ya upelelezi, na katika shauri hilo ilionekana kwamba taarifa ilizozikusanya zenyewe hazikulindwa vizuri. Mzazi kumwangalia mtoto wake mdogo ni suala jingine, na hata hapo ni bora mtoto ajue.

Programu za nyakati za Swala

Mwezi wa Novemba 2020 gazeti la mtandaoni la Motherboard lilichapisha habari iliyowashtua Waislamu wengi. Programu ya Muslim Pro, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kwamba imevunja uhusiano na X-Mode. Januari 2021 gazeti hilo hilo likaeleza habari ya namna hiyo kuhusu Salaat First. Aprili 2022 iliripotiwa kwamba Google imeondoa programu kadhaa baada ya watafiti Serge Egelman na Joel Reardon kugundua ndani yake vipande vya programu vilivyokuwa vikikusanya taarifa za watu. Miongoni mwake ilikuwemo Al-Moazin Lite, ya adhana.

Tunakirejea kisa hiki kwa sababu ni mfano kamili wa hoja yetu. Programu ya nyakati za Swala ina sababu ya kweli ya kuuliza uko wapi, kwani bila hilo haiwezi kukupa wakati wa Alasiri wa mji wako wala kukuonyesha Qibla. Mtu aliyebonyeza "Ruhusu" alikuwa na akili timamu na alielewa kwa nini anaombwa. Ambacho hakukijua, na hakuna alama yoyote kwenye kioo iliyomwambia, ni kwamba taarifa hiyo ikishatoka kwake inauzwa kwa mwingine. Alimkaribisha muadhini, akaingia na mtu mwingine nyuma yake. Hapo umakini wa mtumiaji ungesaidia nini?

Januari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliizuia X-Mode, pamoja na Outlogic iliyoirithi, kuuza taarifa za mahali nyeti, yakiwemo maeneo ya ibada. Yaani ilichukua zaidi ya miaka mitatu, na dawa ilitoka kwenye sheria. Haikutoka kwenye nasaha za kuwa makini.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Tafiti nyingi tulizozitaja zilifanyika Marekani na Ulaya, hivyo tusizibebe kama zilivyo. Tofauti ya kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya fedha zetu hutembea kwenye menyu ya namba za nyota na reli, ambayo hufanya kazi hata kwenye simu ya kitochi. Programu ya kuzuia virusi haina la kufanya huko. Tapeli wa kwetu hahitaji kirusi. Anatuma meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", au anapiga simu akijifanya ni huduma kwa wateja, na anajua kwamba katika watu elfu yupo mmoja ambaye kweli alikuwa anangojewa kutuma hela.

Tofauti ya pili ni mikopo ya mtandaoni. Hapa idhini ya kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu iligeuzwa kuwa fimbo: aliyechelewa kulipa, jamaa zake, mwajiri wake na hata imamu wake walipigiwa simu au kutumiwa meseji za kumdhalilisha. Riba yake ni jambo ambalo hukumu yake inajulikana. Ila uzoefu huu umeonyesha madhara ya idhini isiyoeleweka kuliko kitabu chochote. Google ilibadilisha masharti yake, na tangu tarehe 31 Mei 2023 programu za mikopo binafsi haziruhusiwi kuchukua majina na picha za mtumiaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzizuia programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni.

Tofauti ya tatu ni lugha. Mtu anayesoma Kiswahili vizuri, na Kiarabu cha msahafu, anapewa onyo la benki kwa Kiingereza cha wanasheria. Akibonyeza "OK" ili tu aone salio lake, tumwite mzembe?

Mzigo ni wa nani?

Hapa tutaulizwa: kwani mtumiaji hana wajibu wowote? Anao. Kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kumfunga ngamia wake kwanza. Anayempa wakala namba yake ya siri aandike mwenyewe, au anayepakua programu kutoka kiungo alichotumiwa na asiyemjua, amejiweka hatarini, na ni haki kumuonya.

Lakini mizigo hugawanywa kwa uwezo. Mama muuza maandazi hawezi kuchunguza programu inapeleka taarifa wapi. Benki inaweza. Kampuni ya simu inaweza kuona namba moja ikituma meseji ile ile kwa mamia ya watu, na yeye anaona meseji moja tu. Aliyetengeneza programu anajua ni kitufe gani watu wengi wanakikosea, kwa sababu anaweza kuwatazama wakikikosea. Aliyechukua amana za watu na akalipwa kwa kazi hiyo ndiye wa kwanza kuulizwa zinapopotea. Hicho ndicho kinachokosekana katika mazungumzo yetu, na kukosekana kwake kuna gharama: aliyeibiwa huona aibu, hunyamaza, wala haripoti, na mwizi huendelea na jirani yake.

Ipo mifano ya kuonyesha kwamba mzigo unaweza kuhamishwa. Mwaka 2024 Google ilianza Singapore kuzuia moja kwa moja programu zinazotoka nje ya duka rasmi na kuomba idhini za kusoma meseji au kuiongoza simu, kisha mpango huo ukapelekwa nchi nyingine ikiwemo Kenya. Mtumiaji hakuulizwa swali asiloweza kulijibu. Mlango ulifungwa na mwenye funguo.

Yanayoweza kufanyika

Kwa mabenki, makampuni ya simu na wote wanaotengeneza programu, zikiwemo zile za taasisi zetu za zaka, sadaka na akiba ya Hija, tunasema: kabla ya kuitoa programu, wakalisheni watu wa kawaida, mzee, mama wa nyumbani, kijana wa bodaboda, muwape kazi ya kweli na mkae kimya mkiwatazama. Hata watu watano watakuonyesheni makosa ambayo wahandisi hawakuyaona. Onyo liandikwe kwa Kiswahili cha watu, liseme hatari ni nini na mtu afanye nini. Na kisichohitajika kisiombwe.

Kwa mamlaka, sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Uganda ilipitisha yake mwaka huo huo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake. Sheria hizi zinazungumzia ridhaa ya mwenye taarifa. Tunaomba ridhaa hiyo ipimwe kwa kuuliza je, watu wameelewa, na siyo je, wamebonyeza.

Kwa misikiti, madrasa na familia, tunapendekeza mambo machache yanayowezekana wiki hii:

Mosi, vijana wanaojua simu watengewe muda baada ya Swala wakae na wazee, mmoja mmoja, na simu ya mzee ibaki mkononi mwa mzee mwenyewe. Kumfanyia haraka haraka na kumrudishia si kumfundisha.

Pili, fungueni sehemu ya mipangilio inayoonyesha idhini za programu, mtazame ni zipi zinazosoma meseji, majina na mahali mlipo. Isiyo na sababu inayoeleweka inyimwe. Programu ya nyakati za Swala mara nyingi hukubali kuandikiwa jina la mji badala ya kufuatilia mahali ulipo.

Tatu, msikimbilie programu ya ulinzi kwa sababu tu ina picha ya ngao. Simu nyingi za Android zina ulinzi wa Google Play Protect ndani yake, na kuisasisha simu pamoja na kutopakua nje ya duka rasmi kuna faida kuliko programu nyingi za bure zilizojaa matangazo.

Nne, washeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, na mkubaliane nyumbani kwamba hakuna hela inayotumwa kwa meseji mpaka mtu apigiwe simu kwenye namba yake inayojulikana.

Tano, ripotini. Tanzania, meseji na namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040, na laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako unaziangalia kwa *106#. Kwa wateja wa Safaricom Kenya, namba ya kuripoti ni 333.

Na mwenye kuibiwa akija kwetu, swali la kwanza lisiwe kwa nini hukuwa makini. Tumuulize: ulionyeshwa nini kwenye kioo, na ulielewa vipi? Jibu lake ndilo utafiti wenyewe, na huenda likamwokoa mwingine kabla ya Ijumaa ijayo.

Wallahu A'lam.